Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya Mtwara: Cheti cha mganga si ushahidi kwamba dawa yake inaua virusi

Kwa waheshimiwa viongozi wenye dhamana ya afya, tiba asili na biashara katika Mkoa wa Mtwara,

YAH: UUZAJI WA DAWA ZA MAJANI ZINAZODAIWA KUUA VIRUSI VYA HOMA YA INI, UKIMWI NA CHIKUNGUNYA

Nawasalimu kwa heshima. Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimefundisha kemia na baiolojia katika sekondari za Newala na Tandahimba, na bado naishi huku huku uwandani, kwenye Uwanda wa Makonde. Jambo hili nililiandika kwanza kwa barua ya kawaida, nikaipeleka mwenyewe kwenye ofisi inayohusika na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Niliporudi kuulizia nikaambiwa linafanyiwa kazi. Nilipouliza linafanyiwa kazi na nani, nikaelekezwa ofisi nyingine, na hiyo nyingine ikanirudisha kwa ile ya kwanza. Msimu wa korosho umepita, mwingine umeingia, na magari yenye vipaza sauti yamerudi minadani. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu wote. Sikusudii kumfedhehesha mtu. Nakusudia kujibiwa.

Wenyeji wa huku wanajua mambo yanavyokwenda. Malipo ya korosho yakishaingia, minada huchangamka. Wanakuja wauza nguo, wauza magodoro, wauza simu, na wauza dawa. Muuza dawa anasimama kando ya gari, mkono mmoja una kopo la unga wa majani, mwingine una cheti kilichowekwa kwenye fremu. Anasema ndani ya unga ule mna flavonoidi, yaani kemikali fulani za mimea, kwamba wataalamu wa Ulaya na Marekani wamethibitisha flavonoidi zinaua virusi, na kwamba hospitali zinajua ila zimenyamaza. Kisha anataja magonjwa: homa ya ini, UKIMWI, dengi, chikungunya. Dozi ni ya miezi mitatu, na bei yake humaliza fedha ya magunia kadhaa.

Sina ugomvi na majani. Nimelelewa kwa majani, na wako waganga huku ninaowaheshimu kuliko baadhi ya watu wenye shahada. Ugomvi wangu ni na madai yasiyo na uthibitisho yanayouzwa kwa wagonjwa, huku ninyi wenye mamlaka ya kuyazuia mkiyaona. Malalamiko yangu ni haya.

1. Cheti kinatumika kuthibitisha kisichothibitishwa

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza na kuweka utaratibu wa usajili. Ni sheria nzuri. Ilimtoa mganga gizani na kumpa nafasi inayotambulika. Lakini mnunuzi aliyesimama mnadani ana maswali matatu, nayo ni maswali tofauti. Je, mtu huyu ameandikishwa? Je, unga wake hauna sumu? Je, unga wake unatibu ugonjwa wangu? Cheti kinaweza kujibu la kwanza. Karatasi ya maabara ya usalama inaweza kujibu la pili. La tatu hujibiwa kwa majaribio kwa wagonjwa na kwa njia hiyo peke yake, na muuzaji wa mnadani hana majaribio hayo. Anachofanya ni kunyanyua jibu la swali la kwanza na kulionyesha kana kwamba ni jibu la la tatu. Mama aliyeuza korosho zake atajuaje, ikiwa hakuna afisa hata mmoja aliyepanda kwenye kipaza sauti hicho hicho kumweleza?

2. Ukweli wa maabara unauzwa nusu

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo watu wanaponaswa.

Flavonoidi ni familia ya maelfu ya kemikali ambazo mimea hujitengenezea. Umbo lake la msingi lina atomi 15 za kaboni: pete mbili zilizounganishwa kwa daraja la kaboni tatu. Mmea huzitumia kujikinga na jua kali, wadudu na fangasi, na kuyapa maua na matunda rangi. Kwersetini imo kwenye kitunguu, kwenye majani ya mlonge na ya mpera. Katekini zimo kwenye chai. Bibo letu, tunda la mkorosho, lina kwersetini na mirisetini. Hakuna mtu wa Mtwara anayemaliza siku bila kula flavonoidi.

Je, zinapambana na virusi? Maabarani, nyingi zinapambana, na sitalificha hilo ili hoja yangu ipendeze. Katekini ya chai ya kijani iitwayo EGCG hujishika kwenye protini za nje za virusi vya mafua na kuvizuia visijibandike kwenye seli. Baikaleini, inayotoka kwenye mzizi wa mmea wa Kichina, huziba kimeng'enya ambacho virusi vya UVIKO-19 hukitumia kukata na kupanga protini zake. Mwaka 2016 watafiti wa Malaysia walichapisha kwamba baikaleini, fisetini na kwersetagetini zilizuia virusi vya chikungunya kuongezeka ndani ya seli. Hata mkorosho umo: mwaka 2022 watafiti wa Brazili, nchi ambako mti huu ulianzia, walichapisha kazi kuhusu agathisflavoni, flavonoidi iliyopatikana kwenye mkorosho, wakaonyesha kwamba nayo inakiandama kimeng'enya hicho hicho cha virusi vya UVIKO-19.

Muuzaji anaishia hapo. Naomba tuendelee kuanzia pale alipoachia.

Kwenye kisahani cha maabara, mtafiti huzimwagia seli kiasi chochote anachotaka. Vipimo vinavyoonyesha kazi ya kwersetini dhidi ya virusi mara nyingi ni makumi ya mikromola (kipimo cha wingi wa kemikali ndani ya kimiminika). Mtu akila mlo wenye vitunguu vingi, kwersetini inayopatikana katika damu yake kwa kawaida ni mikromola moja au pungufu. Tena sehemu kubwa ya hiyo si kwersetini yenyewe. Ukuta wa utumbo na ini huitambua kuwa ni kitu kigeni, vikaifunga kwa asidi ya sukari na kwa salfeti, kisha mwili ukaitoa kwa mkojo na nyongo. Kile kilichofanya kazi kwenye kisahani sicho kinachofika kwenye ini la mgonjwa, na kama kinafika, kinafika kidogo mno. Kijiko cha chumvi kinachokoleza kikombe hakikolezi simtanki.

Liko jambo la pili, ambalo hata wanafunzi wa vyuo vikuu hawaambiwi vya kutosha. Baadhi ya kemikali hudanganya vipimo. Mwaka 2010 Jonathan Baell na Georgina Holloway walichapisha maelezo ya maumbo ya kemikali yanayoonekana kufanya kazi dhidi ya karibu kila kitu yanapowekwa kwenye kipimo. Pete yenye haidroksili mbili jirani (haidroksili ni oksijeni iliyoshikana na hidrojeni), kama iliyomo kwenye kwersetini, ni mojawapo ya maumbo ya kutiliwa shaka. Kwersetini pia inajulikana kwa kukusanyika majini kuwa vijidonge vidogo sana vinavyonasa protini yoyote iliyo karibu, iwe ya virusi au isiwe. Kwa hiyo kemikali ikisemwa inazuia virusi vya kila aina, na saratani, na kisukari, mkemia mzoefu haanzi kwa kushangilia. Anaanza kwa kuuliza kama kipimo chenyewe kimedanganywa.

Sayansi yenyewe imewahi kusisimkwa na kemikali hizi ikalazimika kurudi nyuma. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi na wenzake walizipendekeza kuwa ni vitamini mpya, wakaiita vitamini P. Mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi zake nyingine. Ushahidi kwamba flavonoidi ni vitamini haukupatikana, na kufikia mwaka 1950 jina hilo likaachwa. Hakuna aliyekamatwa, hakuna aliyeaibishwa. Dai lilipimwa, halikusimama, likaondolewa. Ndivyo inavyotakiwa.

Na nchi yetu haihitaji mfano wa mbali. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Mti uliotumika, mugariga, wataalamu waliutambua kuwa ni Carissa. Miaka mitano kabla yake, mwaka 2006, watafiti wa Kenya walikuwa wamechapisha kwamba dondoo la mizizi ya mti huo lilipunguza nguvu za virusi vya herpesi kwenye seli na kwa panya. Sikilizeni vizuri: herpesi, si VVU, panya, si binadamu. Palikuwa na chembe ya kweli, na juu ya chembe hiyo watu wenye VVU wakaweka maisha yao yote. Wako walioacha ARV zao. Mtwara pia walitoka watu kwenda Samunge, mnalijua hilo.

Wala sisemi kwamba mmea hauwezi kufika mwisho wa safari. Unaweza. Mwaka 2006 Marekani iliidhinisha dawa ya kupaka iliyotengenezwa kwa katekini za majani ya chai ya kijani, kwa ajili ya masundosundo ya sehemu za siri yanayoletwa na virusi vya HPV. Angalieni ilivyofika. Inapakwa pale pale penye ugonjwa, kwa hiyo haimezwi ikapotelea kwenye ini. Kiasi cha katekini katika kila tyubu kinajulikana. Ilijaribiwa kwa wagonjwa, wengine wakipewa dawa na wengine mafuta matupu, bila wenyewe kujua nani kapewa nini. Na karatasi yake inasema inatibu masundosundo. Haisemi inaua virusi vyote. Hicho ndicho kipimo ninachotaka unga wa mnadani upimiwe.

3. Watu wanaacha dawa zinazowaweka hai

Ndugu yangu wa ukoo ana homa ya ini aina ya B. Alikuwa akimeza tenofovir, dawa ya hospitali ya kuzuia virusi hivyo, vipimo vyake vimetulia, shamba lake analima. Alinunua unga mnadani. Akaambiwa dawa mbili zitagombana, aache ya hospitali. Baada ya miezi kadhaa macho yakageuka njano na tumbo likajaa maji. Wodini walipomuuliza kama ametumia kitu kingine, alinyamaza, kwa sababu siku za nyuma alipotaja mitishamba kwenye kituo kimoja cha afya alikaripiwa mbele ya watu. Yu hai, lakini shamba sasa wanalima wanawe.

Muuzaji hakumwambia anachopaswa kujua kila mwenye ugonjwa huo. Virusi vya homa ya ini B huficha nakala ya vinasaba vyao ndani ya kiini cha seli za ini. Tenofovir huvizuia visizaliane, haiing'oi nakala hiyo. Mgonjwa akiiacha ghafla bila daktari, virusi vinaweza kuamka na ini likashambuliwa kwa nguvu, wakati mwingine hadi kufa. VVU navyo hujiandika ndani ya vinasaba vya seli za kinga, na mtu akiacha ARV, wingi wa virusi katika damu kwa kawaida hurudi ndani ya wiki chache. Hakuna flavonoidi, ya mlonge, ya chai wala ya mkorosho, iliyowahi kuonyeshwa kwa binadamu kwamba inafuta maficho hayo. Na wako wagonjwa wenye magonjwa yote mawili: kidonge kimoja cha tenofovir, lamivudine na dolutegravir kinashikilia VVU na homa ya ini kwa pamoja. Mtu huyo akishawishiwa kuacha, anafungulia milango miwili kwa siku moja.

4. "Ni majani tu" si kinga

Hili nitalisema kwa ufupi. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba EGCG ya kwenye vidonge vya chai ya kijani, ikifikia miligramu 800 au zaidi kwa siku, inaambatana na dalili za ini kuumia. Chai ya kikombe kwa kawaida haina shida hiyo; dondoo lililokolezwa ndilo lenye shida. Sasa mgonjwa wa ini anapewa unga uliokolezwa, na hakuna anayejua kilichomo ni kiasi gani. Tena baadhi ya unga huu huchanganywa na virutubisho vyenye chuma, kalsiamu au zinki, madini ambayo yakimezwa pamoja na dolutegravir huweza kuizuia isifyonzwe vizuri. Na katika nchi nyingi zimekamatwa dawa za mitishamba zilizotiwa kisirisiri dawa za hospitali za kutuliza maumivu au steroidi, ili mnunuzi apate nafuu ya siku mbili na kumsifia muuzaji. Unga wa minadani kwetu unapimwa na nani kwa hilo, na lini? Niliuliza. Bado nasubiri jibu.

5. Waganga wa kweli na mimea ya kwetu wameachwa pembeni

Hili ndilo linaloniuma zaidi.

Virusi vya chikungunya vilitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa kwetu. Mlipuko wa 1952 hadi 1953 ulikuwa kwenye Uwanda wa Makonde, na Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walipouandika mwaka 1955 waliwaandika watu wa vijiji vyetu, homa zao na viungo vyao vilivyokakamaa. Maji ya uwandani ni ya shida tangu zamani, watu huyahifadhi nyumbani kwenye vyombo, na mbu wa Aedes wakazaliana humo. Damu ya watu wa hapa ndiyo iliyoipa dunia ugonjwa huo kwenye vitabu, kwa jina lenye asili ya Kimakonde. Zaidi ya miaka 70 imepita. Mpaka leo hakuna dawa mahususi inayoua virusi hivyo. Mgonjwa hupewa maji, mapumziko na dawa ya maumivu.

Katika miaka hiyo yote wazee wetu wamekuwa wakichemsha majani kwa ajili ya homa na maumivu ya viungo. Huenda baadhi yanasaidia maumivu. Huenda moja lina kitu kinachogusa virusi. Huenda hakuna. Hatutajua kwa kupiga kelele mnadani, na hatutajua kwa kukaa kimya ofisini. Malaysia wamepima flavonoidi dhidi ya virusi vya kwetu. Brazili wamepima mkorosho. Sisi tuna mkorosho kila upande, tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kinachoujua mti huo kwa aina zake, tuna Taasisi ya Tiba Asilia pale Muhimbili, tuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na tuna waganga wanaojua jani lipi huchumwa lini. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaweka meza moja.

Wakati huohuo, mganga mnyenyekevu wa kijijini, anayesema wazi "hili siliwezi, nenda hospitali", hana kipaza sauti. Mnapoacha wa minadani watambe, mnamvunjia heshima huyu.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu mengine nimeshapewa kwa mdomo.

Mtasema tiba asili ni urithi wetu na hatupaswi kuibeza. Nakubali kwa moyo wote. Kuipima ni kuiheshimu. Mwaka 2015 Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel kwa sababu alichukua mmea wa maandiko ya kale ya Kichina, akaupima, na dawa ya malaria iliyotokana nao ndiyo msingi wa dawa mseto tunazopewa leo kwenye zahanati zetu. China haikupoteza urithi wake kwa kuupima.

Mtasema vipimo vya mitishamba ni vya Kizungu na haviwezi kufaa dawa zetu. Mwezi Septemba 2020, wakati wa UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani pamoja na Afrika CDC (kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa) na Kamisheni ya Umoja wa Afrika waliidhinisha mwongozo wa majaribio ya awamu ya tatu kwa dawa za mitishamba. Njia ipo, na wataalamu wa Afrika walishiriki kuitengeneza.

Mtasema hakuna fedha. Kwa utafiti mkubwa, nakubali, fedha ni tatizo. Lakini kumzuia mtu kutangaza kwa kipaza sauti kwamba anaponya UKIMWI hakuhitaji bajeti ya maabara. Kibali cha kuuza mnadani mnakitoa ninyi. Ushuru wa meza mnaukusanya ninyi. Mnao uwezo wa kuandika sharti moja kwenye kibali hicho kesho asubuhi.

Mtasema mwananchi anao uhuru wa kuchagua. Anao. Uhuru huo unahitaji aambiwe ukweli kabla hajatoa fedha.

Naomba, kwa heshima na kwa msisitizo, mambo haya.

(a) Mtu yeyote asiruhusiwe kutangaza mnadani, redioni au kwa gari kwamba dawa yake inaua virusi au inaponya homa ya ini, UKIMWI au ugonjwa mwingine wa virusi, mpaka aonyeshe majaribio kwa binadamu yaliyokubaliwa na mamlaka za nchi. Sharti hili liandikwe kwenye kibali cha biashara, na anayelivunja aondolewe siku hiyo hiyo.

(b) Kila kopo liandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka: mganga amesajiliwa au hapana, dawa imepimwa usalama au hapana, dawa imethibitishwa kutibu ugonjwa gani, au haijathibitishwa. Mistari mitatu inatosha. Na karibu na cheti chochote kinachoonyeshwa hadharani liwepo neno kwamba cheti hicho hakithibitishi uponyaji.

(c) Msimu huu, kabla malipo hayajaanza kuingia, waratibu wa tiba asili wa wilaya na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapite kwenye vyama vya msingi waseme jambo moja: usiache dawa ya homa ya ini wala ARV kwa sababu ya unga wowote, na kama umeshaacha, rudi kliniki leo.

(d) Vituo vya afya viagizwe kuwauliza wagonjwa kuhusu mitishamba bila kuwakaripia, na kuandika majibu kwenye faili. Mgonjwa anayeogopa kusema ukweli hawezi kutibiwa vizuri. Hili halina gharama hata ya kalamu, maana kalamu zipo.

(e) Mkoa uandike maombi rasmi kwa Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili na NIMR, ukiihusisha TARI Naliendele, ili mimea inayotumika huku kwa homa na maumivu ya viungo ichunguzwe kwa mpangilio, kuanzia na majani ya mkorosho. Waganga watakaotoa maarifa yao waandikiwe mkataba kabla hawajataja jina la mti hata mmoja, na matokeo, yawe mazuri au mabaya, yasomwe kwa Kiswahili kwenye vijiji vilikotoka majani hayo.

(f) Sampuli za unga unaouzwa sasa zichukuliwe na kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na matokeo yabandikwe mahali ambapo wananchi wanayaona.

Naomba jibu la maandishi kwa kila kipengele, lenye jina la ofisi itakayokitekeleza na tarehe. Kama kipengele kimekataliwa, naomba sababu. Niko tayari kuja kuongea, na niko tayari kwenda mnadani pamoja na afisa yeyote mtakayemteua, nikasimame naye kwenye kipaza sauti nieleze kwersetini ni nini kwa lugha ambayo nimeitumia darasani miaka yote. Wanafunzi wangu wengi ni wanunuzi wa unga huo leo. Wengine ni wauzaji. Watanisikiliza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa kemia na baiolojia,
Newala, Mtwara.

Nakala: Waratibu wa tiba asili wa wilaya zote za mkoa, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, waganga wa tiba asili waliosajiliwa, wananchi wote.